Fundi Gharib, Shaibu na Breki za Gari la Kijivu

Jumamosi tarehe 31 Disemba 1949, saa saba mchana, Bwana Gharib bin Faraj atarudisha spana za kampuni, atanawa mikono kwa sabuni na mchanga kama ilivyo desturi yake, kisha atatoka katika lango la Karakana ya Nuru baada ya miaka thelathini na miezi minne ya utumishi. Katika muda wote huo alichelewa kazini mara mbili: asubuhi ya kwanza baada ya kumwoa Bi Mwanakuu, na siku dari ya nyumba yake ilipoporomoka. Mara ya kwanza alichelewa dakika kumi, na hadi leo anadai kwamba saa ya ofisini ndiyo iliyokuwa mbele.

Mwandishi wa maneno haya ni karani wa stoo, mtu wa Machakos, na kwa miaka kumi na mmoja dirisha lake limetazamana na meza ya kazi ya Bwana Gharib. Kamati ya sherehe ilimpa kazi hii kwa kuwa, walivyosema, hakuna aliyebishana na mstaafu kuliko yeye. Ni kweli, na ubishi huo tutaufikia.

Bwana Gharib alizaliwa Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni, mtoto wa fundi makufuli. Aliingia karakana Septemba 1919, kazi yake kufagia na kuchota maji. Wakati huo kampuni ilikuwa na magari matatu na punda mmoja wa kuyavuta yalipogoma, na Bwana Gharib husema kwamba punda ndiye aliyekuwa na kazi nyingi zaidi. Baada ya miaka sita alikuwa amekabidhiwa breki zote za karakana, na hakuna aliyemnyang'anya kazi hiyo tena.

Wakati wa vita, vipuri vilipokuwa haviji, alikata mikanda mikuukuu ya mashine ya kukobolea mpunga akaigeuza kuwa breki za malori. Malori hayo yalipeleka mkate mjini miaka minne bila kumgonga hata kuku. Mafundi ishirini na sita wamejifunza kwake, akiwamo Bwana Jaffar, msimamizi wetu wa sasa. Hawa wote aliwatesa kwa namna moja: alimpa mtu pedeli ya breki iliyong'olewa, akamwambia aishike siku nzima mpaka ajue uzito wake.

Yeye pia ndiye mwanzilishi wa sheria ambayo wateja wetu huiona kichekesho. Katika karakana hii, aliyefunga breki hukaa kiti cha mbele, mwenzake akashika usukani, na gari likapelekwa mteremko wa Kibarani na kurudi kabla mwenyewe hajatiwa funguo mkononi. Fundi asiyekuwa tayari kukaa hajamaliza kazi yake. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na tangu 1926 ilivunjwa mara moja tu.

Sasa tumfikie Shaibu. Huyu ni gari jekundu la mashindano, la mwaka 1924, lenye viti viwili, boneti ndefu kuliko kitanda na mkia uliochongoka. Mwenye shamba mmoja wa mkonge alilileta kutengenezwa mwaka 1931, akaondoka kwenda kwao na hakurudi tena. Jina la Shaibu tulimpa sisi, na tangu hapo tukamtaja kama mtu. Bwana Gharib alimtunza kwa miaka kumi na minane katika saa zake za mapumziko. Injini yake haikunywa oili ya kawaida ila mafuta ya mbarika, yale yale tuliyonyweshwa utotoni tumbo lilipofunga, na siku alipowashwa moshi wake ulinuka hadi Majengo.

Februari 1947 kampuni ikaletewa gari jipya la kukodisha, la milango minne, rangi ya kijivu, gari la kawaida kabisa la kumpeleka mtu sokoni. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mwandishi alishika upande wa gari la kijivu, na hajutii. Lile liliwaka kwa kubonyeza kidude. Shaibu alitaka azungushwe hendeli kwa mkono, kijiti cha kupangia cheche za injini kirudishwe nyuma, na mtu wa pili akae kiti cha kushoto kupiga pampu ya mkono, kwa kuwa tangi lake liko chini mkiani na petroli haipandi bila kusukumwa na hewa. Ukiacha kupampu nusu maili, injini inakufa. Lile la kijivu lilipita vichochoro vya Mji wa Kale bila kukwaruza ukuta. Shaibu alihitaji uwanja wa Tononoka kugeuka.

Bwana Gharib alikuwa na jibu lake, nalo halikubadilika. "Hilo lako ni la mtu aliyelala," alikuwa akisema. "Shaibu hukwambia kila kitu. Kikilegea chochote wasikia mkononi. Hilo la kijivu likitaka kukuua halikwambii neno." Mwandishi alicheka kila mara aliposikia hayo.

Machi mwaka huo tuliwapima Kibarani, mashahidi wakiwapo. Kwenye barabara iliyonyooka Shaibu alimwacha mwenzake mpaka tukadhani wa kijivu amezimika. Kisha tukapima breki. Kutoka mwendo wa maili arobaini, gari la kijivu lilisimama kwa hatua arobaini na moja. Shaibu alichukua hatua tisini na mbili, na Bwana Gharib amening'inia kwenye wenzo wa breki ulio nje ya ubavu wa kulia kama mtu anayeng'oa muhogo. Breki za gari jipya zilisukumwa na mafuta ndani ya mirija, kwa unyayo tu. Za Shaibu zilikuwa za vyuma na waya, kwa nguvu za mkono. Mwandishi aliimba hesabu hiyo ya hatua kwa mwezi mzima.

Hadi hapa nimejiita mwandishi, kama inavyofaa katika karatasi ya namna hii. Kwa yanayofuata sitaweza. Jina langu ni Levi Musyoka, na mambo ya Agosti 1947 niliyafanya mimi.

Tangu vita, mafuta yote ya stoo yalikuwa katika makopo ya aina moja ya maziwa ya unga, kwa kuwa hatukupata mengine. Bwana Gharib aliyatofautisha kwa vitambaa vilivyofungwa shingoni: chekundu kwa mafuta ya breki, yaliyotokana na mbarika, cheusi kwa oili nyepesi ya injini. Mimi nilikuwa na hamu ya stoo ya kisasa. Jumatatu tarehe 4 Agosti nilivitoa vitambaa vyote, nikaandika karatasi kwa mwandiko mzuri na kuzibandika kwa gundi ya unga wa ngano. Usiku mende wakaila gundi. Asubuhi nikakuta karatasi zote sakafuni, nikaona aibu, nikazibandika upya kwa kukumbuka kabla mtu hajaingia.

Bwana Gharib hakuwa na imani na karatasi. Miaka yote, kabla ya kujaza mafuta ya breki, alitia tone moja kwenye ncha ya ulimi kisha akatema, na mbarika haijifichi. Lakini ilikuwa katikati ya Ramadhani. Akiwa amefunga hakutaka kutia kitu kinywani, hata cha kutema. Jumanne alasiri alikuja dirishani akaniuliza kama kopo lile lilikuwa la breki. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia ndilo. Akalichukua kwa neno langu, akajazia magari mawili: pikapu ya mwoka mikate na gari la kijivu.

Raba zilizo ndani ya breki za kisasa hazivumilii oili ya injini. Huvimba, hulainika, kisha huachia. Mtu aliyezoea breki za vyuma na waya hana sababu ya kulijua hilo mpaka limpate, na katika karakana yetu lilikuwa halijampata mtu.

Jumatano asubuhi gari la kijivu lilikuwa liende kupimwa Kibarani, Bwana Gharib akiwa kiti cha mbele. Lakini mke wangu Mwikali alikuwa na mimba ya miezi minane, na siku hiyo ilikuwa avuke Likoni kwenda kujifungulia kwa dada yake Kasyoka. Nilikuwa nimepewa ruhusa gari limpeleke hadi kivukoni. Ilipofika saa moja na dakika ishirini Bwana Gharib alikuwa bado chini ya lori jingine, na mimi nilihofia foleni ya feri. Dereva, Bwana Dzoro, aliniuliza kama fundi amekwisha kukaa. Nikamwambia fundi ameruhusu.

Hakuwa ameruhusu. Hakuwa hata ameulizwa.

Saa mbili kasorobo Jaffar aliisogeza pikapu ya mkate uani. Tukasikia kishindo. Pedeli ilikuwa imezama hadi chini, na pikapu imepanda juu ya mapipa. Bwana Gharib alifungua gurudumu moja palepale, akatoa raba zimevimba kama kunde zilizolowekwa. Akaja stoo bila kunawa, akalifungua kopo, akatia tone ulimini mchana wa Ramadhani, akatema.

"Hii si mbarika, Levi," akasema. "Lile la kijivu li wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia nani yumo ndani. Simu ilikuwa ndani ya ofisi ya meneja, na ofisi hufunguliwa saa tatu. Mwisho wa barabara ya Likoni kuna mteremko wa saruji unaoingia moja kwa moja baharini, na gari lisilo na breki likianza kuuteremka halina pa kwenda ila majini. Mwikali hajui kuogelea. Kwetu Machakos nani angemfundisha?

Magari yote yaliyokuwa uani yalikuwa yamefunguliwa au yalikuwa malori yasiyozidi maili ishirini na tano kwa saa. Bwana Gharib alikwisha kuvua turubai la Shaibu. Alizungusha hendeli mara ya kwanza, hamna kitu. Mara ya pili ikamrudisha mkono nusura iuvunje. Mara ya nne Shaibu akanguruma, na moshi wa mbarika ukajaa ua mzima.

"Ndoo ukae," akaniambia, akinionyesha kiti cha kushoto. "Piga pampu, na usiache mpaka nikwambie."

Miaka tisa nilikuwa nimeicheka pampu ile. Niliipiga kwa mikono miwili hadi Tononoka, ambako kampuni ilitupa nyumba. Jirani yetu alikuwa anafua nje. Alisema wametoka kitambo, kwanza wanapita Mji wa Kale kwa mshonaji kuchukua nguo za mtoto, kisha Likoni. Nilimwambia Bwana Gharib twende Mji wa Kale. Akakataa. Alisema Shaibu hapiti vichochoroni, na hata angepita, huko gari huenda mwendo wa miguu. Likikosa breki litagonga ukuta wa mtu, mtu huyo ataombwa radhi. "Likoni hapana ukuta," akasema, akageuza gari.

Sijui kama mliwahi kupita Barabara ya Salim kwa maili hamsini, saa mbili asubuhi, watu wakiwa wametoka sokoni na vikapu. Honi ya Shaibu ilikuwa ya mpira wa kufinya, na mfinyaji ni mimi, na pampu ni mimi. Askari wa njia panda alitupigia filimbi kisha akatupisha. Midomo ya Bwana Gharib ilikuwa imekauka kwa saumu, na alikuwa akisoma kitu kimoyomoyo. Mimi nilisali kwa sauti, kwa Kikamba, na nilichosali ni kwamba mshonaji awe amechelewa kufungua.

Hakuwa amechelewa. Tulipoingia barabara ya Likoni, iliyonyooka, nililiona gari la kijivu mbele yetu, kama robo maili hivi, na mzigo wa Mwikali umefungwa juu. Lilikuwa likienda taratibu tu, kama linavyoenda gari zima. Bwana Dzoro alinisimulia baadaye kwamba mpaka hapo alihisi pedeli imekuwa ngumu kidogo, akadhani ni upya wa mafuta. Gari halikumwambia zaidi ya hayo.

Bwana Gharib alikikanyaga chuma cha petroli hadi mwisho. Hapo ndipo nilipofahamu kilichokuwa kikimleta mtu mzima kulala chini ya gari bovu kila Jumapili kwa miaka kumi na sita. Shaibu aliruka. Sindano ya mwendo ilipita sabini, upepo ukanifunga macho, na lile la kijivu likawa linatujia kana kwamba limeegeshwa. Gari la kawaida lolote la mwaka ule lisingeweza kulifikia kabla ya bahari. Nilipampu huku nalia, nalo ni jambo nisilolionea haya.

Tulikuwa tumebakiza hatua mia hivi kulifikia lilipofika juu ya mteremko. Niliona taa zake za nyuma zikiwaka, maana yake Dzoro amekanyaga breki. Gari halikupunguza. Taa zikazima, zikawaka, zikazima, zikawaka. Alivuta breki ya mkono, lakini raba za nyuma zilikuwa zimeachia, na mafuta yamelowesha viatu vya breki, vile vinavyolibana gurudumu kwa ndani, gurudumu likawa linateleza tu. Akajaribu kurudisha gia ndogo, gia ikakataa, gari likabaki huru. Feri ilikuwa ng'ambo, kwa hiyo mbele yao palikuwa na watu wachache waliokimbia kando, kisha maji.

Bwana Gharib alipita kulia. Nilidhani amechanganyikiwa, kwa sababu sisi tuliokuwa na breki mbovu kuliko zote mjini tulikuwa tukiteremka kwa kasi kuliko wao. Tulipolipita nilimwona Mwikali kwenye kioo. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo, na hakuwa akipiga kelele. Alinitazama kama anayejiuliza nafanya nini pale.

Bwana Gharib akamweka Shaibu mbele yao, mkia kwa bampa.

"Shika usukani. Nyoosha tu. Usitezame maji."

Sikuwahi kushika usukani maishani mwangu. Niliushika nikiwa nimemlalia begani, naye akageuka ubavu mzima, akaushika wenzo wa nje kwa mikono miwili, akauvuta. Nikasikia mgongano nyuma, mkia wa Shaibu ukakunjika, na uzito wa gari zima ukatulemea. Waya zililia. Vyuma alivyovifunga yeye mwenyewe, kila kimoja, ndivyo vilivyokuwa vimeshika magari mawili na watu wanne, pamoja na mmoja aliyekuwa hajazaliwa. Hapakuwa na mafuta ya kumsaliti humo, wala raba. Palikuwa na mikono yake tu, na mikono hiyo ilikuwa na miaka hamsini na mitano na haijanywa maji tangu alfajiri.

Nilitazama maji. Sikuweza kuacha. Yalikuwa yakija polepole, kisha polepole zaidi, kisha yakaacha kuja.

Bwana Dzoro alizipima baadaye: hatua tisa kutoka tairi la mbele la Shaibu hadi baharini. Bwana Gharib hakuuachia wenzo mpaka watu walipoweka mawe chini ya magurudumu yote manane. Vidole vyake vilikuwa havifunguki, ikabidi nivifungue mimi kimoja kimoja. Alikataa maji aliyopewa. Alisema Magharibi haiko mbali, na ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mwikali aliteremka peke yake. Alimtazama Bwana Gharib, akanitazama mimi, nguo za mtoto ziko kifuani. "Levi," akasema, "umemwacha nani stoo?" Kisha akakaa chini kwenye saruji, nami nikakaa naye.

Binti yetu alizaliwa tarehe 29 Agosti, mzima, mwenye sauti kubwa.

Mchana wa siku ile ile meneja alituita. Aliuliza nani alijaza mafuta ya breki. Bwana Gharib akasema ni yeye. Meneja akauliza nani alitoa kopo. Nilifungua mdomo. Bwana Gharib akatangulia, akasema alijichukulia mwenyewe, na hakuyaonja kama alivyopaswa. Meneja akauliza nani aliruhusu gari litoke bila fundi kukaa. Akasema ni yeye. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, tumegusana viwiko, na nilikaa kimya.

Nje nilimuuliza kwa nini. Alikuwa akijaribu kufunga kifungo cha shati kwa vidole vilivyovimba. "Wewe ukifukuzwa leo, kesho watoka nyumba ya Tononoka," akasema. "Kwako mtoto yuwaja. Kwangu kuna Mwanakuu, naye kanizoea."

Alipewa barua ya onyo kali, ikawekwa katika faili lake. Januari 1948 alikuwa awe msimamizi wa karakana. Wote tulijua, hata samani za ofisi zilikwisha kuchaguliwa. Nafasi hiyo akapewa Jaffar, mwanafunzi wake, ambaye hakuelewa kwa nini, na Bwana Gharib akawa wa kwanza kumpa mkono. Mwezi huo huo mimi nilipandishwa kuwa Karani Mkuu wa Stoo. Niliukubali ukubwa huo. Nimelala juu yake karibu miaka miwili na sijalala vizuri.

Hakunitajia neno la hayo. Alichonitaka ni kitu kimoja: kitabu cha breki mpya, kilichoandikwa Kiingereza. Mwaka mzima, kila siku baada ya chakula cha mchana, nilimsomea na kumtafsiria, naye akachora kila mrija kwa chaki mezani. Leo hakuna fundi kisiwani anayezijua breki za mafuta kumshinda. Amekiri mbele yangu kwamba ni bora kuliko za Shaibu kwa mtu wa kawaida katika siku ya kawaida. Nami nakiri kwamba ile haikuwa siku ya kawaida. Makopo ya stoo yana vitambaa tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake Kibokoni kumwarifu kwamba nitayaandika haya. Bi Mwanakuu alinikaribisha kahawa. Bwana Gharib alinisikiliza hadi mwisho, akasema niandike mambo ya gari, hayo mengine niyaache. Katika miaka kumi na mmoja nimembishia mara nyingi kwa mambo ya upuuzi. Hili nambishia kwa haki.

Bwana Meneja, ukurasa huu umeufikia pamoja na wafanyakazi wenzangu wote. Barua ya onyo ya tarehe 6 Agosti 1947 ina jina ambalo si la mkosaji. Kopo nililitoa mimi, gari nililitoa mimi kwa uongo, na mtu aliyepoteza usimamizi kwa ajili hiyo hakuwa na kosa ila kuniamini akiwa amefunga. Naomba barua hiyo itolewe katika faili lake kabla ya saa saba mchana wa Jumamosi, atoke langoni akiwa safi kama alivyoingia. Iwekwe katika langu. Mwikali anajua, na amekwisha kuanza kufunga vyombo, iwapo nyumba itatakiwa.

Bwana Gharib, karakana nzima inakushukuru kwa kila gari lililosimama pale lilipotakiwa kusimama. Mungu akupe afya, akupe Ramadhani nyingi zenye utulivu pamoja na Bi Mwanakuu, na kila utakapopanda gari la mtu mwingine, breki zake ziwe zimefungwa na mtu uliyemfundisha wewe.

Levi Musyoka
Karani Mkuu wa Stoo, hadi itakapoamuliwa vingine